Taa ya tatu ya breki si pambo la gari

Asubuhi moja ya mwezi Julai mwaka 2023 niligongwa kwa nyuma karibu na Kinale, katika barabara kuu itokayo Nakuru kuja Nairobi. Wanaoijua sehemu hiyo wanaufahamu ukungu wake wa miezi ya baridi, ukungu unaomfanya dereva aone ncha ya boneti yake na yaliyo mbele ya hapo ayakisie tu. Lori lililonitangulia lilipunguza mwendo, nami nikakanyaga breki. Aliyenifuata kwa pikapu iliyosheheni kabichi hakukanyaga yake hadi alipokuwa amekwisha kunifikia. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Bampa langu lilipasuka, kabichi mbili tatu zikabingirika barabarani, na sote wawili tukashuka tukitetemeka.

Nilikuwa tayari kwa ugomvi, lakini kijana yule alinijibu kwa upole: “Mzee, taa zako nimeziona tangu Flyover. Nilichokosa kujua ni kwamba umekanyaga breki.”

Wakati ule niliyachukua maneno hayo kuwa udhuru wa mkosaji. Kweli alikuwa ananifuata kwa karibu mno, na hilo ni kosa lake. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nikamwomba mwanangu akanyage pedali nami nisimame nyuma ya gari, niligundua kwamba kijana hakuniongopea. Taa mbili za pembeni ziliwaka. Ile ya tatu, iliyo katikati juu ya kifuniko cha buti, ilikuwa kiza kitupu. Sikujua imekufa lini, kwa kuwa sikuwahi kuikagua.

Leo nataka kuizungumzia taa hiyo, hasa kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaidhania kuwa ni pambo. Pili, kuitengeneza kwake kumenifunza jinsi tunavyofundisha, na jinsi tunavyoshindwa kufundisha, sayansi katika shule zetu.

Hebu tuanze na kazi yake. Katika magari mengi ya zamani, kila taa ya pembeni kwa nyuma ina balbu moja yenye nyuzi mbili. Uzi wa kwanza, wa wati 5, huwaka usiku wote ili gari lionekane. Uzi wa pili, wa wati 21, huwaka dereva anapokanyaga breki. Kwa hiyo anayekufuata usiku au katika ukungu huona nukta mbili nyekundu wakati wote, na ukifunga breki huona nukta zile zile mbili zikiwa kali zaidi. Lazima apime kwa jicho kama ukali umeongezeka au la. Ukungu nao unameza mwanga, hata asiweze kutofautisha taa hafifu iliyo karibu na taa kali iliyo mbali. Ndiyo maana kijana wa kabichi aliziona taa zangu kwa kilomita kadhaa na bado asijue nimefanya nini.

Taa ya tatu haina utata huo. Haiwaki usiku kwa ajili ya kuonekana wala haionyeshi kwamba gari linapinda kulia au kushoto. Ina neno moja tu: ninafunga breki. Isipofunga breki, hunyamaza. Isitoshe, imewekwa juu, karibu na usawa wa macho ya dereva anayefuata, na mara nyingi hata dereva wa gari la tatu katika msafara huweza kuiona kupitia vioo vya gari lililo katikati. Hupata habari kabla ya jirani yake wa mbele hajamaliza kuitafakari.

Wazo hili halikuzuka kwenye meza ya mpambaji wa magari. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mmarekani, John Voevodsky, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwa teksi za San Francisco. Teksi 343 zilifungwa taa ya ziada kwa nyuma, na nyingine zikaachwa kama zilivyokuwa. Zile zilizofungwa taa ziligongwa kwa nyuma mara chache zaidi kwa kiasi cha asilimia 60 hivi. Majaribio mengine yalifuata, na hatimaye serikali ya Marekani ikaamuru kwamba magari mapya ya abiria, kuanzia matoleo ya mwaka 1986, yawe na taa ya tatu ya breki. Magari madogo ya mizigo yakaingizwa katika amri hiyo kuanzia matoleo ya mwaka 1994.

Mwanafunzi makini atauliza: je, asilimia 60 ilidumu? La. Mwaka 1998 idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilitoa tathmini ya miaka mingi na kukuta kwamba taa hiyo hupunguza migongano ya nyuma kwa asilimia 4.3. Kitu kilipokuwa kigeni kilimshtua kila aliyekiona; kilipozoeleka, mshtuko ukapungua. Lakini asidharau mtu asilimia nne. Katika nchi yenye magari mengi kama Marekani, tathmini hiyo ilikadiria kwamba ajali zaidi ya 190,000 zingeepukwa kila mwaka, kwa taa ya bei nafuu kabisa. Hapa kwetu Kenya, ambako barabara zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, sioni ni nani aliye tajiri wa kuzitupa asilimia nne.

Sasa nirudi kwa gari langu. Nililipeleka kwa fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja. Alifungua buti, akachomoa balbu, akaitia nyingine, akaniambia nikanyage pedali. Taa ikawaka. Nikalipa, nikaenda zangu. Jioni ile ile mwenzangu mmoja akanipigia simu kuniambia kwamba alikuwa nyuma yangu na taa haikuwaka. Nikarudi kesho yake. Buti likafunguliwa, balbu ikabadilishwa tena, taa ikawaka tena, nikalipa tena. Siku ya tatu fundi akatikisa kichwa na kusema kwamba gari limezeeka, kwa hivyo afadhali ninunue taa nzima ya LED. Mganga aliyeshindwa na ugonjwa alikuwa sasa ananiandikia dawa ghali zaidi.

Nilimsimulia kisa hicho mwalimu wa fizikia shuleni petu. Hakunipa pole. Alinyosha mkono, akaniomba ufunguo wa gari, na kipindi chake cha alasiri akakitoa darasani akakipeleka kwenye maegesho ya walimu. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walilizunguka gari langu, nami nikasimama pembeni kama mzazi anayesubiri habari za mgonjwa.

Swali lake la kwanza halikuwa “Balbu iko wapi?” bali “Tunajua nini mpaka sasa?” Mmoja akajibu kwamba taa mbili za pembeni zinawaka. Basi, akasema mwalimu, tuufuate umeme njiani mwake. Umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukafika kwenye swichi iliyo juu ya pedali ya breki. Pedali ikikanyagwa, swichi hufunga njia na umeme hukimbia hadi nyuma, ambako hugawanyika kwenda katika taa tatu, kisha hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, yaani arthi. Ikiwa taa mbili zinawaka, fyuzi ina kosa? Hapana, walisema kwa pamoja. Swichi? Hapana. Kwa hivyo nusu nzima ya gari ilikwisha kuondolewa katika shaka bila ya mtu kugusa spana.

Kama taa zote tatu zingekuwa zimekufa, aliwaeleza, tungefanya kinyume: tungeanza na fyuzi na swichi, kwa kuwa si rahisi balbu tatu kuungua kwa siku moja. Tena swichi mbovu aghalabu hujifichua yenyewe, maana magari mengi yenye gia za otomatiki hukataa kutoka kwenye maegesho ikiwa hayajapata habari kwamba breki imekanyagwa.

Wakabaki na mambo manne: balbu, mahali inapokaa balbu, waya wa kuleta umeme, na arthi. Walikuwa na taa ya kupimia waliyoitengeneza wenyewe kwa balbu ndogo ya gari na nyaya mbili. Wakafungua buti, wakapima. Umeme ulikuwapo. Wakatazama balbu, ilikuwa nzima. Taa ikawaka vizuri, kama ilivyowaka kwa fundi, na darasa likaguna kwa kukata tamaa.

Hapo ndipo msichana mmoja, ambaye hakuwa amesema lolote, alipouliza: “Mwalimu, kwa nini tunaipima buti likiwa wazi, na barabarani huenda likiwa limefungwa?”

Kimya kikapita. Mwalimu akafunga buti taratibu huku mwanafunzi mwingine amekanyaga pedali. Kifuniko kilipofika nusu, taa ikapepesa. Kilipofungwa kabisa, ikazima. Wakaufuata mkungu wa nyaya hadi kwenye bawaba, mahali ambapo waya hujikunja kila buti linapofunguliwa na kufungwa. Ganda la plastiki lilikuwa limepasuka, na shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Buti likiwa wazi, ncha mbili zilikutana, likifungwa, ziliachana. Balbu zote tatu, ile ya kwanza na zile mbili nilizouziwa, hazikuwa na hatia yoyote.

Waliukata waya pale palipokufa, wakaunga kipande kipya kirefu kidogo ili kisivutwe na bawaba, wakalehemu, wakafunika kwa ganda la mpira. Gharama yake haikufikia bei ya balbu moja.

Nimekisimulia kisa hiki kirefu kwa makusudi. Fundi yule hakuwa mjinga, na mikono yake ina ustadi kuliko yangu. Alichokosa ni ile desturi ya kuuliza: nimeona nini, na hali niliyoipimia ni sawa na hali ambayo kosa hutokea? Na desturi hiyo huzaliwa wapi kama si shuleni? Tunawakaririsha wanafunzi kanuni ya Ohm hadi wanaitaja usingizini, kisha tunawatuma duniani bila ya kuwahi kuwaonyesha waya uliokatika. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulisifiwa kwa kuahidi elimu ya vitendo. Karakana nyingi ziligeuka maghala ya madawati yaliyovunjika. Sasa tuna mtaala wa umilisi, nao umekuja na ahadi hiyo hiyo. Ahadi haitatimizwa na kitabu kipya. Gari la mwalimu mkuu lililoegeshwa chini ya mjakaranda ni maabara tosha, na halidai bajeti.

Ama kuhusu LED, ambayo fundi aliniuzia kwa mdomo, sina ugomvi nayo. Baadaye niliinunua kwa hiari yangu. Sifa zake ni za kweli. Balbu ya kawaida haiwaki mpaka uzi wake upate joto kali, na hilo huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde. Diodi haina uzi wa kupasha moto. Huwaka papo hapo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu waliowekewa matatu zetu, husafiri mita 22 kwa sekunde. Sehemu ya tano ya sekunde basi ni mita nne na kitu. Pale Kinale, mita nne zingeliokoa bampa langu. Fauka ya hayo, diodi hustahimili mitikisiko ya barabara zetu, na hula umeme kidogo mno: balbu ya wati 21 kwa volti 12 huvuta ampea 1.75, ilhali ya LED huweza kuvuta ampea 0.2 tu.

Lakini katika uchache huo wa umeme mna mtego ambao ningependa kila mwanafunzi aukokotoe mwenyewe. Tuseme arthi ya taa yako imeingia kutu na ina upinzani wa omu 3. Upinzani wa balbu ya kawaida ikiwa inawaka ni omu 7 hivi. Tukichukulia kwamba haubadiliki, balbu itapata volti zipatazo 8.4 kati ya 12, na itafifia waziwazi. Utajua kuna kasoro. Ukiweka LED ya ampea 0.2, kutu ile ile itapoteza volti 0.6 tu, na taa itang’aa kana kwamba gari ni jipya. Ugonjwa haukupona, umenyamazishwa. Na ikiwa taa nyingine za nyuma zinatumia arthi hiyo hiyo, zitaendelea kufifia wewe ukishangilia ya katikati. Kwa hivyo kauli yangu ni hii: tafuta kosa kwanza, ulitengeneze, ndipo ubadilishe. LED si tiba ya waya mbovu.

Kuna mengine ya kuangalia. Diodi hupitisha umeme upande mmoja, kwa hiyo ukiitia balbu ya LED isiwake, igeuze kabla hujamlaumu muuzaji. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, kwa maana kioo hicho huuzuia mwanga mwingi wa ile nyeupe. Baadhi ya magari hukagua balbu zake yenyewe, na yakiona umeme umepungua hudhani balbu imeungua. Kuna wanaoyadanganya kwa kuongeza rezista, lakini rezista ya kazi hiyo huwa moto mkali na haifai kubandikwa kwenye plastiki wala karibu na nyaya. Zaidi ya yote, kioo cha kuakisi kilichotengenezewa uzi wa balbu hakitawanyi vyema mwanga wa kila LED. Taa nzima iliyoundwa tangu mwanzo kuwa ya LED ni bora kuliko balbu ya LED iliyochomekwa katika nyumba isiyo yake. Baada ya kuifunga, simama mita 30 nyuma mchana wa jua kali, kisha pembeni kidogo, uone kama inaonekana.

Kwa walio na ari, darasa linaweza kuunda taa yake ya mfano. Diodi tatu nyekundu zikipangwa mfululizo, kila moja ikihitaji volti 2, zinatumia volti 6. Gari likiwa linanguruma, umeme wake hufika volti 14. Zinabaki 8 za kumezwa na rezista. Kwa ampea 0.02, tunahitaji omu 400. Chukua ya 470 uwe salama. Hili ni swali la mtihani, tofauti ikiwa kwamba jibu lake linawaka. Taa hiyo ibaki maabara, lakini. Barabarani tutumie iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Kuna madereva ambao wameipokea LED kama mapambo ya harusi. Taa ya tatu imekuwa ya kupepesa mfululizo, ya buluu, ya kijani, ya kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na nyingine huwaka safari nzima breki ziwe zimekanyagwa au la. Nimeziona kwenye matatu, na nasikitika kusema kwamba nimeziona hata kwenye basi la shule, likiwa limejaa watoto wanaoimba. Wapo watakaonijibu kwamba hata taa ya Voevodsky ilipepesa. Ni kweli, lakini ilipepesa kwa kadiri gari lilivyopunguza mwendo. Kupepesa kwake kulikuwa na maana. Waliotunga amri ya Marekani baada yake walichagua taa nyekundu isiyopepesa. Taa inayocheza ngoma muda wote haisemi kitu. Ni kama mtu anayepiga mayowe ya mwizi kila usiku: siku mwizi atakapokuja kweli, majirani watajigeuza upande wa pili wa kitanda.

Nguvu yote ya taa ile imo katika ukimya wake. Iliniwia vigumu kuelewa hilo mpaka nilipoikosa.

Nawaomba wakuu wa shule jambo dogo. Kabla basi halijaondoka kwenda kwenye tamasha au mashindano, mwanafunzi mmoja asimame nyuma na mwingine amwombe dereva akanyage pedali. Milango yote iwe imefungwa, kama itakavyokuwa safarini. Wahesabu: moja, mbili, tatu. Zoezi hilo halimalizi hata dakika moja. Wakikuta mbili, wasikimbilie duka la spea katika barabara ya Kirinyaga; walipeleke swali kwa mwalimu wao wa fizikia, naye awaulize kwanza: tunajua nini mpaka sasa?

Yule msichana alimaliza kidato cha nne. Mimi bado napita Kinale, na kabla sijaondoka nyumbani mwanangu hukanyaga pedali nami huzunguka nyuma, buti likiwa limefungwa.